Kuondoa kutu na magamba ya chokaa kwenye mfumo wa kupozea injini: mwongozo kamili

Gari likianza kuchemsha kwenye kilima au kwenye foleni, wengi hubadilisha kifuniko cha rejeta, kisha feni, kisha pampu ya maji, na mwisho hununua rejeta nyingine. Mara nyingi vifaa hivyo vilikuwa vizima. Ugonjwa ulikuwa kwenye maji: leo yaliongezwa ya bomba, kesho ya kisima, bila kulanti (kimiminika cha kupozea injini kinachochanganywa na maji), mpaka kutu ikajaa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na chokaa ikaganda kwenye silinda hedi, kichwa kinachokaa juu yake. Uchafu huo unaweza kuutoa mwenyewe kwa siku moja isiyo na haraka. Sharti ni kufuata mpangilio, na kitu cha kwanza kwenye mpangilio si dawa. Kwanza ujue una uchafu gani, kwa sababu dawa nzuri ya kutu si lazima iwe nzuri kwa chokaa, na uchafu wenye mafuta hausikii asidi yoyote.

Soma uchafu kabla ya kuugusa

Subiri injini ipoe kabisa. Ikilala usiku kucha ndiyo vizuri zaidi. Vaa glavu, fungua kifuniko cha rejeta, ingiza kidole ndani ya shingo, kizungushe kwenye ukuta wake, kisha kifute kwenye kitambaa cheupe. Geuza na kifuniko utazame chini yake, kwenye raba na springi, maana hapo uchafu hujikusanya mapema.

Tope jekundu la kahawia linalopaka kitambaa kama udongo wa mfinyanzi ni kutu. Linatoka kwenye chuma: bloku ya chuma cha kusubu, mapanga ya pampu ya maji, plagi za chuma zilizopigwa ubavuni mwa bloku, na mabomba ya chuma yanayozunguka injini. Kulanti ina viambato vya kuzuia kutu. Vikiisha nguvu, au maji yakitumika peke yake, chuma hicho huliwa kidogo kidogo na chembe zake husafiri hadi kwenye vijia vyembamba vya rejeta na kukwama humo.

Ukoko mweupe au wa kijivu unaokwaruza kucha ni chokaa. Maji magumu hubeba kalsiamu bikaboneti iliyoyeyuka. Yakipata moto, bikaboneti huvunjika, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka, na kalsiamu kaboneti hubaki imeganda, kama ule ukoko unaouona ndani ya birika la chai. Ubaya wake ni mahali inapochagua kuganda. Chokaa hushika zaidi penye joto kali, na ndani ya injini penye joto kali ni kuzunguka vali za kutolea moshi, yaani pale hasa panapohitaji kupozwa kuliko pengine pote. Chokaa hupitisha joto vibaya sana: uwezo wake wa kupitisha joto ni takriban wati 2 kwa mita kwa kelvini, wakati wa chuma cha kusubu ni karibu 50. Gamba la milimita moja linazuia joto kiasi cha chuma chenye unene wa milimita 25 hivi. Ndiyo maana hedi inaweza kuwa inaungua huku geji ya joto kwenye dashibodi ikionyesha kwamba mambo ni shwari.

Ukiwa na shaka kati ya kutu na chokaa, kwangua gamba dogo uliweke kwenye kisosi na ulidondoshee siki. Likichemka vipovu, ni chokaa. Likitulia tu na kuchafua siki kwa rangi ya kahawia, kutu ndiyo nyingi. Magari mengi yana vyote viwili, kimoja juu ya kingine.

Kuna uchafu wa aina mbili ambao usiuoshe kabla ya kutafuta chanzo chake. Wa kwanza ni ute mzito unaovutika kama jeli. Mara nyingi huo unatokana na kuchanganya kulanti mbili zisizopatana, au ni aluminiamu inayoliwa. Wa pili ni uji wa rangi ya chai ya maziwa, unaoteleza kwenye vidole. Hayo ni mafuta. Huenda gasketi ya silinda hedi imekufa, kipozea mafuta cha injini kimetoboka, au, kwa gari la otomatiki, mafuta ya giaboksi yanavujia ndani ya rejeta. Chomoa kijiti cha kupimia oili na uchungulie chini ya kifuniko cha kujazia oili: ukiona rangi hiyohiyo ya maziwa, maji yameingia upande wa pili pia. Usiliendeshe gari hilo. Kuosha kutakuja baada ya matengenezo.

Pima umeme ndani ya maji

Hiki ni kipimo ambacho hata mafundi wazuri hukisahau, nami nakipa uzito kwa sababu kinaeleza kwa nini gari jingine huoshwa vizuri, hutiwa kulanti mpya, na baada ya miezi michache maji yanarudi kuwa ya kahawia. Chukua malitimita, yaani kipima umeme, iweke kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse hasi ya betri. Ncha nyekundu itumbukize kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma chochote. Ukisoma chini ya volti 0.1, ni salama. Kuanzia 0.3 kwenda juu, kuna shida, na injini ya aluminiamu ndiyo itakayoumia haraka.

Soma kwanza gari likiwa limezimwa, kisha injini ikiunguruma, kisha washa kimoja kimoja: taa kubwa, feni, hita, redio. Namba ikiruka ulipowasha kitu fulani, waya wa athi wa kitu hicho ni mbovu na umeme unarudi kwenye betri kupitia maji. Safisha au ubadilishe waya huo. Namba ikibaki juu muda wote bila kuruka, mara nyingi kulanti ndiyo iliyochakaa na kugeuka kuwa asidi. Rudia kipimo baada ya kazi nzima na utaona imeshuka.

Ukaguzi wa mwisho kabla ya kumwaga

Jiandae kisaikolojia kwa jambo moja: kwenye mfumo uliochakaa, kutu huwa imeziba vitundu vidogo. Ukiitoa, vitundu vitafunguka na maji yatavuja. Dawa haikutoboa kitu, imefunua tu kilichokuwepo. Kwa maoni yangu ni afadhali mara mia kivuje nyumbani, mchana, ukiwa na vifaa mkononi, kuliko kivuje njiani.

Kwa hiyo angalia unachokijua. Bonyeza mipira ya rejeta, hasa sentimita chache za mwisho karibu na klipu; ikitoa mlio wa kukatika ndani au ikiwa laini kama sponji, nunua mipya. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shafti yake. Alama ya maji yaliyokauka hapo inamaanisha sili imeanza kwenda. Rejeta ya aluminiamu yenye matangi ya plastiki huvuja mara nyingi kwenye mshono wa plastiki na aluminiamu. Rejeta za zamani za shaba zimeunganishwa kwa risasi ya kulehemu, na risasi hiyo haipendi asidi ikae muda mrefu.

Vitu vya kuandaa

Soma kitabu cha gari ujue mfumo unabeba lita ngapi. Magari madogo mengi ni kati ya lita 5 na 8. Namba hiyo utaitumia mara tatu, kwa hiyo iandike. Andaa beseni pana, madumu ya kuhifadhia maji machafu, bisibisi na plaizi ya klipu, mpira wa maji wa bustani, faneli, glavu, miwani ya kinga, vipande vya karatasi ya kupimia pH (kiwango cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), themostati mpya (vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta) na gasketi yake. Kifuniko kipya cha rejeta nakihesabu kuwa lazima kama cha zamani kina raba iliyopasuka au springi iliyolegea.

Maji yaliyochemshwa na kuvukizwa, yaani maji ya distilidi, nunua angalau mara tatu ya ujazo wa mfumo. Hapa uwe makini sana dukani: chini ya jina la "maji ya betri" huuzwa vitu viwili, maji safi ya kuongezea na asidi ya salfuri ya kujazia betri mpya. Soma lebo. Asidi hiyo ikiingia kwenye injini, umeiharibu.

Kuhusu dawa, kwa kutu chagua asidi ya sitriki ya unga, gramu 50 kwa kila lita ya mfumo. Mfumo wa lita 6 unahitaji gramu 300. Inashika chuma kilichooza, inakiyeyusha, na haina klorini. Kwa chokaa nyingi sitriki ina kasoro moja isiyotajwa sana: ikikutana na kalsiamu nyingi hutengeneza kalsiamu sitreti, chumvi isiyoyeyuka vizuri, hasa kwenye maji ya moto, nayo inaweza kukaa kama unga mweupe mahali pengine. Kwa hiyo gari lenye chokaa zaidi kuliko kutu litangulizie siki nyeupe ya asilimia 5, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Kalsiamu asiteti inayotokana nayo huyeyuka na kutoka na maji. Kisha, kama kutu imebaki, ndipo uje na sitriki. Dawa za dukani za kuoshea rejeta nazo zinafaa ukifuata maelezo yake, mradi zimeandikwa kwamba ni salama kwa aluminiamu.

Vitu vitatu visikaribie gari lako: asidi ya haidrokloriki, ambayo inakula chuma kizima pamoja na kutu; kostiki soda, ambayo inashambulia aluminiamu kwa ukali na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka; na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo.

Kumwaga ya zamani

Tafuta mahali pa sawa, vuta breki ya mkono. Ukilazimika kuingia chini, gari likae kwenye stendi, si juu ya jeki peke yake. Chomoa soketi ya feni ya umeme, kwa sababu kwenye magari mengine feni huwaka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa, na vidole vyako vitakuwa karibu. Kama injini bado ina joto, usifungue kifuniko. Maji yaliyo chini ya shinikizo yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanalipuka kuwa mvuke usoni.

Weka hita kwenye joto la juu kabisa ili vali yake ifunguke. Weka beseni, legeza plagi ya chini ya rejeta kwa mkono, na baada ya hapo fungua kifuniko cha juu ili hewa iingie. Simama utazame yanavyotoka. Mwanzo huja maji yenye rangi ya kulanti iliyofifia, kisha yanageuka kuwa ya kahawia, na mwishoni, matone yakianza kukatika, huja chembe nyeusi na vigamba bapa vinavyolia vikigonga beseni. Vigamba hivyo ndivyo vinavyoziba rejeta. Kama plagi imeziba na hakitoki kitu, usiichokonoe kwa waya mkali, utatoboa plastiki. Vua mpira wa chini badala yake.

Bloku ina plagi yake ya kumwagia, kwa kawaida ubavuni. Theluthi moja hadi nusu ya maji yote inaweza kubaki kwenye bloku ukimwaga rejeta peke yake. Kama plagi hiyo inafunguka kwa nguvu ya kawaida, ifungue. Kama imeshikana na kutu, iache. Nimeona watu wakiivunja na kugeuza kazi ya siku moja kuwa ya wiki, wakati kusuuza mara nyingi kungetoa matokeo yaleyale.

Maji matupu kwanza, halafu dawa

Funga plagi, rudisha soketi ya feni, jaza maji ya kawaida, washa injini na uiache iungurume mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto. Hapo themostati imefunguka na maji yanazunguka kote. Zima, subiri ipoe hadi uweze kushika mpira huo bila kuunguzwa, mwaga. Rudia mara moja au mbili. Lengo ni kutoa kulanti ya zamani na tope lililolegea, ili asidi isiishie kupigana na vitu ambavyo maji yangevitoa bure.

Themostati ya zamani iache mahali pake kwa sasa. Najua kawaida ni kuitoa mwanzoni, lakini kuna injini nyingi ambazo themostati yake pia hufunga njia ya mkato. Ukiitoa, maji huzunguka ndani ya injini na kuikwepa rejeta, na dawa haifiki unapotaka. Isitoshe, bila themostati injini haipati joto la kutosha, na asidi hizi dhaifu zinahitaji joto. Kwa kuwa utaitupa, acha dawa ipite juu yake.

Kama kulikuwa na mabaki ya mafuta, na chanzo chake umeshakitengeneza, tanguliza sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo, ile isiyotoa povu, vijiko vichache vya chakula kwenye mfumo mzima. Izungushe dakika 15 kwenye joto, uimwage, usuuze mpaka utelezi uishe. Utando wa mafuta ukibaki, asidi itapita juu yake bila kugusa kutu.

Sasa dawa. Yeyusha unga wa sitriki kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu mpaka isibaki punje, kisha mimina kwenye rejeta kupitia faneli na malizia kwa maji. Kama ni siki, changanya kwanza kwenye ndoo vilevile. Acha nafasi kidogo juu, kwani chokaa ikiguswa na asidi hutoa gesi na maji hupanda. Washa injini ukiwa umeacha kifuniko wazi kwa dakika chache za kwanza ili gesi itoke, kisha funga.

Kuanzia themostati ifunguke, hesabu dakika 30. Mara kwa mara kanyaga mafuta taratibu hadi mizunguko 2000 kwa dakika, ili mtiririko uongezeke na kubandua vigamba. Usiondoke hapo. Macho yawe kwenye geji ya joto, kwa sababu magamba yaliyobanduka yanaweza kuziba rejeta ghafla. Mshale ukipanda kupita kawaida, zima mara moja na usubiri. Usimwagie injini maji baridi, hedi inaweza kupasuka au kupinda.

Baada ya dakika hizo zima injini, na mwaga ingali vuguvugu. Ukiacha mpaka iwe baridi kabisa, uchafu ulioelea utatua chini na kushika tena. Wapo wanaoendesha gari siku kadhaa na asidi ndani. Sikubaliani nao hata kidogo: aluminiamu, risasi ya kulehemu na sili ya pampu zote zinalipa gharama ya uvivu huo. Saa moja au mbili kwa jumla zinatosha kwa awamu moja.

Chovya karatasi ya pH kwenye kilichotoka. Mchanganyiko mpya wa sitriki huwa karibu pH 2. Kama sasa inasoma 4 au zaidi, asidi imetumika yote na pengine kutu bado ipo. Tia awamu ya pili. Kama bado iko 2 hadi 3 na maji yametoka na rangi hafifu, dawa haijabakiwa na kitu cha kuondoa. Awamu tatu zikitoka zote nyeusi tii, kagua upya: huenda bloku imeoza kiasi kwamba kinachotoka si uchafu bali chuma chenyewe.

Kusuuza

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mtu akiona maji yamebadilika rangi anafurahi, anatia kulanti, anafunga boneti. Asidi iliyobaki kwenye bloku inaanza kula viambato vya kulanti siku hiyohiyo. Suuza kwa muda mrefu kuliko ulivyotia dawa.

Sasa ndipo utoe themostati na kurudisha kifuniko cha nyumba yake kikiwa kitupu. Vua mpira wa juu na wa chini. Rejeta ioshe kinyumenyume: kwa kawaida maji huingia juu na kutoka chini, kwa hiyo wewe yaingize kwa chini yatokee juu. Vigamba vilivyonasa kwenye midomo ya vijia husukumwa nyuma vilikotoka. Zungushia kitambaa kwenye mpira wa bustani ili ushike shingo ya rejeta, lakini usiubane kabisa, na mdomo wa kutokea uwe wazi. Shinikizo la bomba la nyumbani linaweza kuzidi uwezo wa rejeta ikizibwa, na mashine ya kuoshea magari isitumike kabisa hapa.

Fanya hivyohivyo kwa bloku, ukiingiza maji kwenye tundu la themostati. Rejeta ndogo ya hita ioshe peke yake, pande zote mbili, kwa maji ya taratibu. Ni nyembamba, na ikipasuka maji yatamwagikia kwenye mazulia ndani ya gari. Weka kitambaa cheupe au ungo chini ya kila mdomo wa kutokea. Endelea mpaka kitambaa kisipate punje hata moja na pH ya maji yanayotoka ilingane na ya maji unayoyaingiza. Zikilingana, huhitaji kitu kingine. Zikikataa kulingana, yeyusha bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, kiasi cha gramu 10 kwa lita, izungushe dakika 10, kisha suuza tena. Usiitie wakati asidi bado nyingi, italipuka povu.

Rejeta utaipima baada ya kufunga na kujaza. Baadaye injini ikiwa na joto la kazi, na imezimwa, pitisha kipimajoto cha mionzi juu ya uso wake, au mkono karibu yake. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande wa kuingilia hadi wa kutokea. Doa baridi katikati lina maana ya vijia vilivyoziba. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa na kuchokolewa na fundi wa rejeta. Ile ya aluminiamu na plastiki ikikataa kuzibuka, badilisha.

Kufunga na kujaza

Themostati mpya ifungwe ikiwa na kiwango kilekile cha joto kilichoandikwa na mtengenezaji, nyingi zikiwa kati ya nyuzi 82 na 92. Ile yenye kitundu na kipini kidogo pembeni, kipini kielekee juu ili hewa ipite. Kama umezoea kuambiwa gari litapoa zaidi likiendeshwa bila themostati, achana na ushauri huo. Injini baridi hula mafuta, husagika haraka, na ile njia ya mkato niliyoitaja inaweza kuifanya ichemshe zaidi kwenye mzigo.

Jaza maji ya distilidi, washa mpaka yazunguke, mwaga. Kama unaweza, mara mbili. Hii inatoa maji ya bomba yaliyobaki kwenye bloku, yenye chokaa ileile uliyotoka kuipiga vita.

Sasa hesabu ya kulanti. Kwa kuwa bloku bado ina maji ya distilidi, ukitia kulanti iliyokwisha kuchanganywa itakuwa nyepesi mno. Nunua ile nzito isiyochanganywa, tia kwanza nusu ya ujazo wote wa mfumo, kisha malizia kwa maji ya distilidi mpaka ijae. Mfumo wa lita 6: lita 3 za kulanti nzito, halafu maji. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethilini glaikoli hugandia kwenye nyuzi 37 chini ya sifuri na huchemkia karibu 107 bila shinikizo. Kifuniko cha bar 1.1 husukuma kiwango hicho hadi karibu 130. Kutia kulanti tupu bila maji hakusaidii: hubeba joto kidogo kuliko mchanganyiko, na hugandia karibu nyuzi 13 tu chini ya sifuri.

Aina ya kulanti ifuate kitabu cha gari, usichague kwa rangi. Rangi ni ya kiwanda tu, haina kanuni ya pamoja. Mbili za kijani zinaweza kuwa na kemia tofauti kabisa, moja ya silikati inayodumu takriban miaka 2, nyingine ya asidi za kikaboni inayodumu miaka 5.

Kutoa hewa kunataka subira. Inua pua ya gari ikiwezekana, weka hita kwenye joto la juu, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo. Mimina polepole huku ukiuminya mpira wa juu kwa mkono. Utasikia hewa ikigugumia na kuona kimo kikishuka. Washa injini, subiri themostati ifunguke na feni iwake na kuzima mara mbili. Hita ikitoa hewa ya moto kweli, maji yamefika kote. Ikitoa baridi huku geji ikiwa juu, kuna mfuko wa hewa. Zima, acha ipoe kabisa, ongeza kwenye rejeta na kwenye chupa ya akiba hadi alama.

Maji machafu

Ethilini glaikoli ni sumu na ina ladha tamu, ndiyo maana mbwa, paka na watoto huvutiwa nayo. Kiasi kidogo kinatosha kuua figo. Usiache beseni wazi hata kwa dakika chache, na tone lililodondoka lisuuze kwa maji mengi. Kulanti ya zamani usiimwage chini wala mtaroni. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko na lebo, isiwe kamwe chupa ya kinywaji, uipeleke kwenye gereji au kituo kinachopokea oili chafu na vimiminika vya magari.

Wiki za kwanza

Asubuhi ya pili angalia kimo kabla ya kuwasha, na tena baada ya safari ya kwanza ndefu. Kupungua kidogo mara moja ni hewa iliyokuwa imebaki. Kupungua kila siku ni uvujaji: tafuta alama ya kulanti iliyokauka kwenye plagi za bloku, pampu, viungo vya mipira na zulia la upande wa abiria.

Kama gari lilikuwa na kutu nyingi sana, ipo njia ya kunasa mabaki. Kata kipande cha soksi nyembamba ya nailoni, ukivalishe ndani ya mdomo wa mpira wa juu pale unapoingia rejeta, ukibane na klipu. Kitadaka vigamba vitakavyoendelea kubanduka. Lakini ukiweka, kitoe na kukisafisha baada ya siku chache na urudie, kwani kikijaa kinaziba mtiririko. Mtu atakayekisahau ni bora asikiweke.

Baada ya mwezi mmoja fungua kifuniko, injini ikiwa baridi, urudie kile kipimo cha kidole na kitambaa cheupe. Kulanti ikiwa na rangi yake, kazi imekwisha mpaka muda wake wa kubadilishwa ufike. Ikiwa imegeuka kahawia hafifu, kutu iliyokuwa ndani sana imeendelea kutoka: mwaga, suuza kwa distilidi tu bila asidi, na utie mpya. Ikiwa imegeuka kahawia kabisa, rudi kwenye malitimita utafute athi mbovu kabla ya kununua kulanti nyingine.